Mipira Minne Ukingoni

Siku ya mkutano Baruti aliiacha chai ya asubuhi kikombeni ikapoa mpaka ikafanya utando. Mtu mzima, fundi plasta wa miaka na miaka, baba wa watoto, anaogopa mkutano wa wacheza pool. Ukisikia hivyo utacheka. Lakini subiri kwanza ujue kilichokuwa begani kwake, kisha ucheke ukiweza.

Bega la kulia lilikuwa limekufa. Halikufa kwa siku moja. Lilianza kwa kuuma usiku, likaja kuuma na mchana, na mvua za mwaka ule zilipokwisha likakataa kabisa kupanda juu ya kifua. Kupiga plasta ya dari ni kazi ya kuinua mkono na kuubakiza hukohuko juu, mwiko umejaa saruji mbichi inayotaka kukudondokea usoni. Siku hizi Baruti alikuwa akijichagulia kuta, tena sehemu za chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kitovu. Dari alimwachia mwenzake, kwa kisingizio kwamba vumbi la juu linamwingia machoni. Mwenzake hakuuliza kitu, maana ni mtu wa kukubali.

Aliyejua ni mkewe peke yake. Kila jioni alimchua kwa mafuta ya mkaratusi mpaka nyumba nzima ikanuka, na binti yao alipouliza harufu ile ni ya nini, mama alijibu bila kupepesa macho kwamba goti lake mwenyewe linamsumbua. Ila wakishafunga mlango wa chumbani, alimgeukia mumewe akampa yake.

"Mwambie mtoto. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Nitamwambia."

"Lini? Jumamosi, kwenye mashindano, mbele ya watu?"

"Nimeshasema nitamwambia, mama watoto. Wewe chua."

Hakumwambia. Na si kwamba alikuwa mwongo, hapana. Alikuwa anaogopa, na mtu mwenye woga hupata kazi nyingi sana za kufanya kabla ya ile moja inayomngoja.

Jina la Baruti halikutokana na hasira. Lilitokana na pigo lake la kufungua. Kwa asiyejua mchezo huu, mipira kumi na mitano hupangwa ndani ya pembetatu ya mbao, ikabanana, halafu mchezaji wa kwanza huipiga kwa mpira mweupe kutoka upande wa pili wa meza ili itawanyike. Hapo ndipo mchezo unapoanza. Wengine hufungua tu. Baruti alikuwa analipua. Wapita njia walisikia mlio kutoka barabarani wakasema, leo yumo. Mipira ilikimbia kila pembe, miwili mitatu ikazama mashimoni, na ule mweupe ukabaki umetulia katikati ya meza kama hauhusiki na lolote.

Binti yake alikulia kwenye mlio huo. Tangu kidevu chake hakijafika ukingo wa meza, alikuwa akipanda juu ya kreti la soda na kumpangia baba mipira, akiibana vizuri kwa viganja vyake viwili, na ole wake mtu mwingine aguse pembetatu ile. Alipokua akashika fimbo mwenyewe. Sasa alikuwa fundi wa simu, mwenye vidole vyembamba visivyojua kutetemeka, na ukumbini wakambandika jina la Sindano. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mashindano ya wawili wawili yaliruhusu mwanamke na mwanamume kucheza upande mmoja. Sindano hakungoja kuambiwa. Alikwenda akaandikisha Baruti na bintiye, akarudi nyumbani anacheka peke yake, hata chakula hakikupita. Haya, niambie wewe, ni baba gani angemtazama mtoto kama huyo usoni na kumwambia kwamba mkono haupo tena?

Baruti alijipangia hesabu zake. Mapigo ya kawaida aliyaweza bado, kwa sababu pale kinachofanya kazi ni kiwiko, bega limelala. Kilichomshinda ni kufungua tu. Basi Jumamosi angejifanya amebadili mbinu, aiguse mipira taratibu kama afanyavyo mzee Kobe wa palepale ukumbini. Watu wangenung'unika kidogo, mashindano yangepita, binti angepata siku yake. Mpango ulikuwa mzuri, haki ya nani. Aliyekuja kuuharibu ni binti mwenyewe.

Kobe alikuwa fundi saa, na jina lake lilitokana na mwendo. Yeye halipui. Huinama, hupumua, hupima, hupima tena, halafu huigusa ile mipira kama anayeamsha mgonjwa. Mpira mmoja unajitikisa, mingine inabaki imebanana, na anayefuata anakuta hana pa kupita. Mchezo mmoja na Kobe ni vikombe vitatu vya chai, na ndiyo maana mpaka wiki ile hakuwa amepata mtu wa kucheza naye upande mmoja. Sindano alifungwa naye mchana mmoja wa kiangazi, akarudi nyumbani amevimba kwa hasira.

"Naenda kuleta kanuni," alimwambia baba yake. "Ukifungua, lazima mpira mmoja uzame au mipira minne igonge ukingo. Ukishindwa mara mbili, umepoteza mchezo. Nafanya kwa ajili yako, baba. Si wewe uliyesema miaka yote, asiyeweza kufungua asikae mezani?"

Alikuwa amesema. Tena alisema kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia, enzi za bega lake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Baruti alijiona yuko chini kabisa, anatazama juu, anamwona mtoto wake mwenyewe anachungulia kwa furaha.

Siku ya mkutano wachezaji walikutana ukumbini baada ya chakula cha mchana. Meza moja ilifunikwa turubai, nyingine iliachwa wazi, na viti vya plastiki vilipangwa kuizunguka. Pangaboi lilikuwa na panga moja lililopinda, kwa hiyo kila mzunguko likalia tak, tak, na Baruti kila likilia akahisi ni zamu yake inaitwa. Mwenyekiti alikuwa kinyozi, mtu aliyezoea kuzungumza na watu wasioweza kugeuza shingo. Alisimama karibu na ubao wa kuandikia matokeo, chaki mkononi.

"Mleta kanuni aseme."

Sindano akasema. Alisema vizuri, bila pupa, na kadiri alivyosema vizuri ndivyo baba yake alivyozidi kutoka jasho jembamba. Alipoketi, Kobe akainuka kwa taratibu zake.

"Kufungua polepole si woga, wandugu. Ni akili. Najua mwizi yuko nje, nani kasema lazima nimwachie mlango wazi?"

Watu wakacheka.

"Mzee Kobe, kwa heshima zote," Sindano akajibu, "wewe mlango huufungi tu. Unazima na taa, unatukalisha gizani."

Wakacheka zaidi, hata Kobe mwenyewe. Ndipo dereva mmoja wa lori, aliyekaa nyuma akichokonoa meno, akauliza swali ambalo Baruti alikuwa akiomba lisiulizwe. "Na mtu mwenye mkono mbovu je? Hiyo mipira minne ataipata wapi?"

"Mkono mbovu unapelekwa hospitali," Sindano akasema. "Hauletwi mashindanoni."

Ukumbi ukapiga makofi. Lilikuwa jibu la haraka, la kijana, halikumlenga mtu. Baruti alilipokea lote. Aliutazama mkono wake uliolala juu ya paja akauonea haya, kama mtu aliyekuja harusini na mgeni asiyealikwa.

Sasa katika ukumbi ule kulikuwa na desturi yao, sijui nani aliianzisha. Kanuni haikupigiwa kura kwa maneno matupu. Ilijaribiwa kwanza mezani. Anayeipinga aonyeshe mchezo wake, anayeitaka amtoe mtu wa kuonyesha wake, watu waone kwa macho kabla ya kunyoosha mikono. Baruti aliijua desturi hiyo vizuri, alichokuwa akitumaini ni kwamba binti angesimama mwenyewe.

Kobe akatangulia. Akapima, akapima, akaigusa. Mipira miwili ikasogea hadi ukingoni, iliyobaki ikakaa kitako. Wengine wakaguna.

"Upande wangu," Sindano akasema, "anaonyesha baba."

Hakuna aliyeshangaa isipokuwa huyo baba. Watu walikuwa wameshaanza kugongagonga viti. Mtu akamletea fimbo yake mwenyewe kutoka ukutani, na Sindano akawa tayari ameinama upande wa pili wa meza anabana mipira kwa viganja viwili, kama zamani. Alipoondoa pembetatu alimtazama baba yake akarudi nyuma hatua moja, maana anayekaa karibu na pigo la Baruti anaweza kurukiwa na mpira.

Baruti akajikaza kisabuni. Akapaka chaki muda mrefu kuliko haja. Moyoni alikuwa anaomba, na hakuomba ushindi, aliomba mara hii moja tu, pigo moja, halafu bega lichukuliwe kabisa likitaka. Akainama. Akavuta fimbo nyuma, na bega likashika palepale linaposhika, maumivu yakampanda hadi sikioni, mkono ukaja mbele bila nguvu yoyote. Mpira mweupe ukatembea. Ukaigusa mipira upande, vibaya, si kama Kobe na si kama mtu yeyote. Mipira ikaachana kidogo. Mmoja ukajikokota kuelekea ukingoni, ukasimama kabla haujafika.

Baruti hakuinua kichwa. Akawaza, basi, yamekwisha, wamejua.

Halafu kinyozi akaangua kicheko. Akafuatiwa na dereva wa lori, kisha ukumbi mzima, watu wakapigana mabega, wakafuta machozi. "Kamwiga Kobe," mtu akasema kwa shida. "Kamwiga Kobe mpaka kamzidi." Walidhani anafanya mzaha. Walidhani Baruti mkubwa, kwa werevu wake, amewaonyesha ubaya wa pigo laini kuliko maneno yote yaliyosemwa. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Sindano, ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Haya baba, sasa waonyeshe la kweli."

Baruti alisikia mdomo wake ukijibu kabla hajaamua. "La kweli wataliona Jumamosi. Baruti haichezewi mkutanoni."

Makofi tena. Akarudi kwenye kiti chake, na aibu iliyomshika ilikuwa mbaya kuliko ile aliyokuwa akiiogopa. Angeshindwa mbele yao, wangemhurumia. Sasa walikuwa wanamsifu.

Kobe hakucheka. Mtu anayefungua saa kila siku anajua tofauti ya iliyosimamishwa na iliyokufa. Wakati watu wakijimiminia maji ya kunywa kutoka kwenye jagi, alikuja akasimama karibu na Baruti.

"Bega?"

"Bega gani?"

"Mimi naigusa mipira kwa kupenda. Wewe hukupenda."

"Kobe, nyamaza."

"Nimenyamaza." Akanywa maji yake mpaka akamaliza. "Lakini nisikilize, ndugu yangu. Nimewahesabu humu ndani. Kura zitakuwa sawa. Zikiwa sawa, kanuni ya zamani inabaki. Wewe kaa tu. Hakuna mtu wa kukulazimisha kunyoosha mkono, na Jumamosi utacheza na mwanao."

Akaenda zake. Ulikuwa wema, wema mtupu, na ulimtia Baruti hofu kuliko ugomvi wowote ambao Kobe angeweza kuuleta.

Kinyozi akagonga ubao. Wanaopinga wakanyoosha mikono, akachora mistari. Wanaokubali wakanyoosha, akachora. Akarudi nyuma, akatazama, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Zilikuwa sawa, kama alivyosema fundi saa.

"Kuna mtu hajapiga," kinyozi akasema. "Baruti. Wewe kuigiza umeigiza, kura yako iko wapi?"

Pangaboi likalia tak, tak. Shingo zote zikageuka. Baruti akamwona Sindano upande wa pili wa meza, hana wasiwasi hata chembe, ameshaanza kutoa lile tabasamu la ushindi. Kwake kura ile ilikuwa imepigwa zamani, kabla yeye hajajua kuandika jina lake.

Kaa tu. Lilikuwa jambo jepesi namna gani. Angesema anaheshimu pande zote. Angesema mtu na bintiye wasipige kura moja, ni upendeleo, na wengine wangemwona mwungwana. Jumamosi angesimama pale na mtoto wake, fimbo kwa fimbo. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu enzi za kreti la soda, na nafsi yake iliitaka mpaka ikamuuma. Lakini angesimama pale na uongo wake. Na kila akiigusa mipira kwa aibu, mtoto angejiuliza baba yake ameingiwa na nini, na kwa nini siku ya mkutano alimwacha peke yake mbele ya watu. Tena, kibaya zaidi, kanuni yenyewe ilikuwa ya haki. Alikuwa ameihubiri akiwa mzima. Ingekuwaje iwe batili leo kwa sababu imemgeukia yeye?

Akapiga moyo konde. Akanyoosha mkono.

Mazoea ni kitu kibaya. Uliotangulia ulikuwa wa kulia. Ulipanda hadi kifuani, ukagonga pale, na uso wake ukakunjamana bila yeye kupenda. Akaushusha. Akanyoosha wa kushoto, juu kabisa, wazi, mbele ya wote.

"Imepita," kinyozi akasema, akachora mstari.

Waliokuwa upande wa kanuni wakashangilia. Waliokuwa wanapinga wakalalamika. Hakuna aliyeujali mkono, kura ni kura. Ila Sindano. Lile tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama taa inayochelewa kujua kwamba umeme umekatika, kisha likaondoka. Alimtazama baba yake mkono, akamtazama bega, akaitazama ile meza ambapo dakika chache nyuma alikuwa amecheka hadi machozi. Baruti aliona kila kitu kikimfikia mtoto, kimoja baada ya kingine, na hakuwa na namna ya kukizuia.

Sindano akasimama ghafla. "Mwenyekiti."

Baruti akatikisa kichwa. Kidogo tu, wa kuona aone.

"Nini tena, binti?" kinyozi akauliza. "Umeshinda, unataka nini?"

Kabla hajajibu, watu walishaanza kuita. Maana desturi ile ilikuwa na mkia wake. Kanuni ikipita huzinduliwa palepale, na upande ulioileta ndio unaofungua mchezo wa kwanza. "Baruti," wakaita, "Baruti, Baruti," huku wakigonga viti, na mtu akawa tayari anapanga mipira. Fimbo ilikuwa bado imeegemea goti lake.

Sindano akazunguka meza, akaichukua ile fimbo.

"Kanuni ni yangu," akasema. Sauti ilikuwa kavu kidogo. "Naizindua mwenyewe."

"Tunamtaka Baruti."

"Baruti kasema Jumamosi. Hamkumsikia?"

Akainama, wala hakupaka chaki. Mlio wa pigo lile ulitoka mpaka barabarani, na mtu aliyekuwa akipita nje lazima alisema, leo yumo. Mipira ilikimbia kila pembe. Hakuna aliyehesabu iliyogonga ukingo, haikuhitajika. Wakati watu wakipiga kelele, Sindano alirudi akaketi kando ya baba yake, upande wa kulia, akaingiza mkono wake chini ya ule mbovu, akaushikilia kama anayeegemea tu.

"Tangu lini?" akauliza, macho yakiwa mezani.

"Tangu mvua."

"Kwa hiyo goti la mama."

"Mama yako ana goti zima kuliko mimi na wewe."

Sindano hakucheka. "Nilisema upelekwe hospitali, usiletwe mashindanoni. Mbele ya watu wote."

"Ulisema kweli. Ningekwenda mapema wangelitazama hili bega."

"Mbona ulinyoosha mkono, baba? Ungekaa kimya tungecheza."

"Asiyeweza kufungua asikae mezani," Baruti akasema. "Maneno ya nani yale?"

Binti akauma mdomo. Machozi yalimjaa, akayazuia kwa kuwa ukumbi ulikuwa umejaa watu. Mkono aliushika vilevile, wala hakuuachia.

"Na Jumamosi? Nicheze na nani?"

"Na Kobe. Hana mwenzake."

"Kobe?"

"Ana mkono mzima yule. Na leo nimejua kwamba ana moyo. Uchelewaji wake utauvumilia."

Kule mezani kinyozi alikuwa akiwaita watu waje kucheza mchezo uliofunguliwa. Sindano hakuinuka. Alibaki amekaa, ameinamisha kichwa, na alipouliza tena sauti ilikuwa ya yule wa kwenye kreti la soda.

"Na wewe utakuwa wapi?"

Baruti akaitazama pembetatu ya mbao iliyolala kando ya meza.

"Nitakuwepo," akasema. "Nitakupangia mipira."